Siku Kwaya ya Mama Ilipovaa Kijani

Kazi yangu hapa Gitega ni kuwapendezesha wachungaji. Wananiletea picha waliyopigwa kwa simu sebuleni, kochi linaonekana nyuma na mtoto amechungulia pembeni. Namtoa mtoto, natoa kochi, nanyoosha suti, halafu tunaanza kubishana kuhusu moto. Bango la mkutano wa injili lisilo na moto, kwao, si bango. Wengine wanataka na njiwa juu ya moto, na wapo wanaotaka majengo marefu ya vioo nyuma yao, ingawa mkutano wenyewe utafanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi ambako jengo refu kuliko yote ni choo cha walimu. Mimi si mtu wa subira, na wateja wangu wanalijua hilo. Nabisha mpaka nachoka, kisha naweka moto.

Kanisa ninalosali hapa mjini lina projekta, kamera, na kundi la WhatsApp lisilojua kulala. Kanisa la mama liko Butihinda, upande wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, na nalo halijaachwa nyuma. Wana sola juu ya bati, wana spika ambazo vijiji viwili vinazisikia vipende visipende, na ukuta wa mbele wameupaka chokaa nyeupe ili maneno ya nyimbo yaonekane yanapomulikwa. Bibi ambao hawajawahi kushika kitabu cha nyimbo sasa wanasoma ukutani, au wanajifanya wanasoma, na hakuna anayewauliza.

Kwaya ya pale ilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, kama mimi. Tuliporudi Burundi watu walibeba mabati, mbuzi na godoro. Wanakwaya walibeba ngoma na nyimbo zao za Kiswahili, na mpaka leo wanaziimba hivyohivyo katikati ya watu wanaosali kwa Kirundi. Mama ndiye mwanzishaji wao wa nyimbo. Wimbo wao mkubwa uko hivi: mama anauliza peke yake, kwaya nzima inajibu. Akiuliza mama, hata aliyekuja kanisani kukwepa kulima anajikuta amesimama.

Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Alikuwa nalo muda mrefu, akalifunika kwa kitambaa, nasi tukazoea. Kisha likaanza kumbana pumzi. Akilala alipiga mluzi, akipanda kilima alisimama kila mara akisema anatazama maharage ya watu. Nikamleta hospitali Gitega. Daktari, mwanamke asiyezungusha maneno, akamshika shingo, akamwambia lazima litolewe wiki ijayo, na kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita palepale linapokaa.

“Nitaimba?” mama akauliza.

“Utapumua,” daktari akasema. “Kuimba siwezi kukuahidi.”

Mama akamshukuru, akafunga kitambaa chake vizuri. Tulipofika nje chini ya veranda akaniambia, “Basi, mwanangu, mnirekodi kwanza.” Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Mimi nilitazama upande mwingine maana machozi yalikuwa yameshafika.

Jirani wa duka langu na nyumba yangu ni kijana Mkongomani kutoka Uvira. Tunamwita fundi tu. Ana studio ya chumba kimoja, na nusu ya kwaya za mji huu zimepita kwake. Ukuta wake mmoja ameupaka rangi ya kijani, sakafu nayo kijani. Kwaya inasimama pale, kamera inawachukua, kisha kompyuta inafuta kila kitu cha kijani na kuweka unachotaka. Watu wanataka maporomoko ya maji. Nimeona kwaya za Gitega zikiimba mbele ya maporomoko, mbele ya theluji, na mara moja mbele ya uwanja wa ndege, wakicheza mguu kwa mguu huku ndege inapaa juu ya vichwa vyao. Simpendi fundi kwa mambo hayo na nimemwambia. Yeye ananiuliza habari za moto wangu, narudi dukani kwangu.

Nikampigia simu mwalimu wa kwaya kule Butihinda. Siku ilikuwa moja tu, kwa sababu mafuta ya gari yalikuwa ya shida na walikuwa wamepata ya kuja na kurudi mara moja tu. Tukapanga: asubuhi sauti, mchana picha. Mwisho nikamwambia, “Halafu, Mwalimu, ukumbuke ukuta wa studio ni wa kijani kabisa, kijani kibichi.” Akanishukuru sana, akanishukuru mara ya pili. Nilijiuliza kidogo kwa nini mtu anashukuru ukuta, lakini mteja alikuwa mlangoni na suala la njiwa.

Walifika kabla jua halijapanda, wamepitia Karuzi na vumbi lote la njia. Walishukia kona ya chini, kwa hiyo niliwasikia kabla ya kuwaona, maana walikuja wakiimba barabarani. Wote walikuwa wamejifunika makoti na mashuka kwa ajili ya baridi. Mama alikuwa ameshaamka kwangu na kunywa uji, akatoka kuwapokea, akaanzisha ubeti palepale getini. Sauti ilikuwa ileile, pana, haina haraka.

Ndani ya studio mambo yakageuka. Fundi anarekodi kila mtu peke yake, kwenye kijumba kilichobandikwa trei za mayai na godoro kuzuia mwangwi, halafu anawaunganisha kwenye kompyuta. Akamvalisha mama hedifoni. Mama akaimba maneno matatu, akasimama.

“Kuna mtu ananiiga humu,” akasema.

“Ni wewe mwenyewe, mama,” fundi akamjibu. “Usiogope, iko mashini tu. Bon, tuanze tena.”

Wakaanza tena, na tena. Sauti ilitoka, lakini ilikuwa ndogo, imebanwa, sauti ya mtu anayeongea na afisa dirishani. Mama hajawahi kuuliza swali katika wimbo ule bila watu wa kumjibu, na mle ndani yalikuwapo mayai tu, tena trei tupu. Fundi alihangaika, akapunguza hiki, akaongeza kile, akatoka akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo: “Dada, mi nilimusikia pale nje, nikasema leo tuko na kitu. Sasa ile sauti imeenda wapi? Hii nikiiweka, batu watasema ni mutu mwingine.” Nilimwona mama kupitia kioo kidogo, amekaa na zile hedifoni kichwani, mikono mapajani. Niliogopa. Siku ile ikiisha hivyo, hospitali ingeichukua sauti yake na sisi tungebaki na ile ndogo.

Mwalimu wa kwaya akaona watu wanaanza kukata tamaa. Akasema tuwahi picha kwanza, watu wachangamke, sauti tutairudia. Wakaingia kwenye chumba cha kijani, wakavua makoti na mashuka.

Wote walikuwa wamevaa kijani. Magauni ya kijani, mashati na suruali za kijani, vilemba vya kijani vilivyofungwa vizuri kweli. Kijani kibichi, cha ukuta uleule.

Fundi alikuwa ameshainama kwenye skrini yake, ameweka maporomoko tayari. Akaifuta skrini kwa mkono wa shati. Kisha akaniita taratibu. “Dada, kuya uone. Mi naona sura na mikono. Batu wako wapi?”

Nikaenda. Sura ishirini na kitu zilikuwa zinaelea juu ya maporomoko, na viganja vikipunga pembeni bila mwenyewe. Kwa wanawake hata kilemba kilikuwa kimepotea, zimebaki nyuso tu, zinatabasamu, zinasubiri kuambiwa zianze.

“Mwalimu,” nikasema, “hizi sare mmezitoa wapi?”

“Si ulituambia ukuta ni wa kijani?” akanijibu, na alijivuna kabisa. “Tumetafuta soko lote la Muyinga mpaka tukapata kinachofanana nao. Fundi wa cherehani amekesha, na gauni la mama yako liko kwenye mfuko huu.”

Hapo ndipo nilipoelewa zile shukrani zake. Kwetu hakuna anayekwenda kwenye harusi wala sikukuu ya kanisa bila kuuliza kwanza rangi ya mapambo. Mapazia yakiwa ya zambarau, kwaya inavaa zambarau. Kuja na rangi yako ni kumdharau aliyekualika. Mwalimu alikuwa amefanya adabu zote, na hakuna kompyuta iliyofundishwa adabu zile.

Nikawageuzia skrini waone. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza akainua mkono wake, akaona mkono unapunga majini peke yake, akasema, “Yesu, nimekwisha.” Basi, kicheko kikaanza. Watu walicheka mpaka wakashikana, mwingine akajificha nyuma ya koti ili arudi kuwa na kiwiliwili. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiria maporomoko. “Wenzetu waliobaki kambini watasema hata maji tumekosa,” akalalamika.

Tukatoka uani kula, maana ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, vilikuwa vimeiva na hakuna aliyekuwa na wazo. Kule nje kicheko kiliendelea, kila anayenyoosha mkono kupokea sahani anaulizwa mwili ameuacha wapi. Mama alicheka kuliko wote, ameshika shingo kwa mkono mmoja. Na kwa kuwa yeye ndiye wa kutuliza watu kabla ya sala ya chakula, akiwa bado anacheka, akaanzisha ule wimbo. Akauliza. Kwaya ikajibu, wengine wamesimama, wengine wanatafuta pa kuweka sahani.

Sauti yake yote ilikuwa imerudi. Fundi aliniangalia, nikamwangalia. Akakimbia ndani, akapitisha waya dirishani, akaja na maikrofoni akaisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Mimi nikashika kamera. Nikawasogeza kwa mkono, bila kusema neno, mpaka wakawa mbele ya ukuta wa nyuma wa matofali mekundu, na ile kijani ikapendeza kuliko bango lolote nililowahi kutengeneza. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya ubeti wa pili. Pikipiki ilipita, baiskeli ya ndizi ikapita nyuma ya ua na mwenyewe akapunguza mwendo kusikiliza. Mama hakuona chochote. Alikuwa anawauliza watu wake nao wanamjibu, na ubeti wa mwisho aliushikilia mpaka nikadhani hataachia tena. Nilisahau kamera, ikainama upande. Inaonekana kwenye video na sikuirekebisha. Fundi alitaka kumtoa jogoo, tukagombana, jogoo akabaki.

Wakamfanyia mama upasuaji wiki iliyofuata. Usiku wa kwanza kwangu nyumbani alilala bila mluzi, nikaamka mara nyingi kuhakikisha bado anapumua, maana nilikuwa nimezoea kelele. Sauti haikuwapo. Alinigombeza kwa kupiga makofi: moja maji, mawili punguza sauti ya simu, matatu acha kuniangalia hivyo. Baadaye ukaja mnong’ono, na baada ya mnong’ono sauti nzito, yenye mchanga ndani, isiyopanda. Daktari alisema huenda ikabaki hapo.

Video wakati huo ilikuwa imeshazunguka simu zote. Ilifika kambini, ikafika kwa ndugu walio mbali. Mama alisikiliza jumbe za watu, akinyanyua nyusi. Mwalimu alinipigia simu kwa furaha kwamba wanaulizwa ile studio nzuri ya matofali iko wapi.

Niliporudi naye Butihinda, Jumapili yake ya kwanza, nikakuta hakuna aliyekubali kuanzisha wimbo ule. Wote walikuwa wanakwepa. Mchungaji akaja na mpango: wataiwasha video ukutani, mama wa kwenye video aulize, kwaya iliyosimama pale ijibu. Mimi nilikasirika wazi. Nilimwambia hivyo ndivyo tunavyowafanyia marehemu, na mama yangu amekaa benchi la pili anapumua vizuri kabisa. Mchungaji akaanza kukunja waya wa projekta. Mama akanigusa mkono, akapiga makofi mawili madogo, yale ya kunipunguza sauti, akainuka.

Hakwenda mbele, mahali pake pa siku zote. Alipita wanawake wa sauti ya kwanza, akapita wa sauti ya pili, akasimama na wanaume wa sauti ya tatu, katika gauni lake la kijani. Mwanaume mmoja akamsogezea nafasi. Video ikawashwa. Mama akatokea ukutani, mkubwa, amepakwa chokaa, akauliza. Na mama akamjibu. Alijibu kwa ile sauti nzito ya mchanga, pamoja na wanaume, macho ukutani, akimsubiri yule wa juu amalize kila swali kama anavyosubiriwa mwanzishaji yeyote. Nilishindwa kuimba. Watu wengi karibu yangu walishindwa pia, lakini sauti ya tatu haikuyumba.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, akapanda kilima bila kusimama kutazama maharage ya mtu. Nilimuuliza ameonaje.

“Yule mama anaimba vizuri,” akasema polepole, kwa sauti yake mpya. “Ila ule mwisho anauvuta mno. Sisi wa sauti ya tatu anatukata pumzi.”

Nikacheka, kisha nikalia, naye akaniambia nitembee, jua ni kali.