Sweta ya Mkono Mmoja Mfupi

Mkono wa kushoto wa mama yangu ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vinne. Hakuzaliwa hivyo. Alianguka akitoka shamba na mzigo wa mihogo, mfupa ukavunjika, fundi wa kienyeji akaufunga kwa fito, ukapona umepinda kwenye kiwiko. Tangu siku ile hajashika tena sindano za kufumia, yeye aliyenifundisha mimi, kwa vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli vilivyosuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha zikakubali. Alinifundisha pia kuhesabu vitanzi mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa ukucha. Macho, alisema, yanapenda kukufurahisha.

Yeye anakaa Fizi, juu, ambako asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia kabla ya salamu. Mimi nakaa Baraka, chini, kando ya ziwa, ambako mtu mwenye akili zake havai sweta. Jirani zangu sokoni walinicheka miaka mingi. Lakini sweta zangu hazikai Baraka. Zinapanda Fizi, zinakwenda Misisi na Lulimba kwa wachimbaji wanaotoka shimoni wamelowa. Sufu naitoa kwenye nguo za balo, yaani mitumba. Nachagua sweta kuukuu, naigeuza ndani nje, natazama mshono wa ubavuni. Kama ilifumwa, uzi utafumuka mrefu mpaka mwisho. Kama ilikatwa kwa mashine, utatoka vipande vipande, umenunua takataka. Muuzaji hajui tofauti hiyo. Mimi naijua, na namwambia zote zimeliwa na panya.

Msimu ule mama alipiga simu mvua ikiwa bado mbali.

"Mama," aliniita hivyo, kama mama zetu wanavyowaita binti zao, "ule mukono unaniuma. Baridi inaingia ndani ya mufupa. Unifumie pulovere, lakini mukono wa kushoto ukate, usinining'inie ndani ya sufuria."

"Mbele ya mvua kuanza utaivaa," nikamwambia.

Ya kwanza niliiuza ikiwa bado kiwiliwili tu. Mama mmoja wa Nundu aliipenda rangi, akalipa papo hapo, nikamwekea mikono miwili iliyolingana. Nikajiambia mvua bado.

Ya pili niliimaliza. Kahawia, na mstari wa njano shingoni. Mkono wa kulia mistari tisini na sita, wa kushoto themanini. Niliikunja juu ya meza yangu sokoni nikimngoja kijana wa pikipiki anayepanda Fizi. Kabla yake akafika mchuuzi, mwanamume anayezungusha nguo kwenye masoko ya juu. Akaikunjua, akaipima kifuani, akacheka.

"Mama, hii mukono moya iko mufupi. Siku hizi unafuma ukisinzia?"

Hapo ilitosha kusema: ni ya mama yangu, weka chini. Maneno machache tu. Lakini alikuwa ameniambia mimi, mbele ya watu, kwamba sijui kuhesabu.

"We baba, mukono wa kushoto ndio unatoa feza mufukoni. Ukiwa murefu, unachelewa kulipa. Nakuona wako murefu."

Meza zote zikacheka. Akashusha bei kwa sababu ya mkono mfupi. Nikaipandisha kwa sababu ya mkono mfupi. Akaondoka, akarudi. Akaondoka tena; nikamwacha afike kwenye meza ya chumvi, maana najua wanaorudi hawapiti chumvi. Akarudi. Akalipa bei ya mikono miwili mizima.

Ningekuwa na njaa siku ile, leo ningejitetea. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula bugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, nimeshiba. Nilitaka kushinda tu, na nilishinda, na jirani zangu walisimuliana ushindi ule siku kadhaa. Mama nikamwambia kwenye simu kwamba sufu imekosekana. "Haizuru," akasema. Mvua ikaanza kunyesha.

Ya tatu niliifuma kwa haraka, na nilipoimaliza niliipeleka mwenyewe, nisije nikakutana na mnunuzi. Barabara ilikuwa matope. Pikipiki ilituangusha mara mbili, nami nilifika nimeishika sweta kifuani kama mtoto mchanga.

Mama alikuwa jikoni, anachochea moto. Alivaa sweta ya kahawia, yenye mstari wa njano shingoni. Mkono wa kushoto ulikomea pale pale kwenye kifundo chake.

Sikusalimia. Akageuka.

"Iko muzuri, eh? Niliikuta kwa soko. Yule baba mwenye kuiuzisha alikuwa anaitukana: ya kilema, hakuna mwenye anaitaka. Nikavaa mukono, ukaenea. Nikahesabu na ukucha. Nikajua."

"Alikuuzia bei gani?"

"Sikukuwa na feza. Nilimupa maharage."

"Maharage gani, mama?"

Nilitazama juu ya moto, mahali anapotundika maharage ya mbegu ili moshi uyalinde yasiliwe na wadudu. Palikuwa na kamba tu. Nje, nyuma ya nyumba, shamba lilikuwa limelimwa, na kilichoota ni magugu.

"Bei haukubishana?"

"Nguo yangu. Nibishane na nani?"

Nikamwambia maharage nitamletea, mabeseni mawili, matatu. Akasema mvua ya kupanda imekwisha pita, hiyo nayo nitaileta kwa pikipiki? Alisema pole pole, bila hasira. Hasira ningeweza kubishana nayo.

Nikafungua mfuko, nikampa ile ya tatu. Aliipokea kwa mkono mzima, akaikalisha magotini, akapitisha ukucha kwenye mistari ya mkono wa kushoto, moja moja. Akarudia. Nilikaa nikimngoja kama mwanafunzi.

"Umehesabu muzuri," akasema. "Bei gani?"

"Mama, iko yako."

"Sikuuliza iko ya nani. Niliuliza bei."

Mama akaikunja vizuri, mikono ndani, kama tunavyokunja bidhaa, akairudisha kwenye mfuko wangu.

"Wende nayo Baraka, uuzishe. Ile ya mama yako nilikwisha kununua."

Kisha akaniwekea chakula: mihogo ya kuchemsha. Maharage hayakuwepo.

Nilishuka nayo. Mpaka leo iko kwenye meza yangu, nimeikunja chini ya nyingine, lakini wanunuzi wana macho. Wanaivuta, wanaona mkono mfupi, wanauliza bei. Nawaambia haiuzwi. Wanadhani napandisha bei. Wanaondoka, wanafika kwenye chumvi, wanarudi, wanaongeza.