Mubrazili Aliyebaki wa Mwisho

Siye wa zamani za Stanleyville tulizaliwa mara mbili: nyumbani, kisha kiwanjani. Na jina la kiwanjani ndilo lilibaki. Mupira wetu tuliupika wenyewe na utomvu wa miti ya porini, ukanuka mpaka mikono ya kulia chakula nayo ikanuka. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Lakini nyumba yangu ya matofali, hakuna mutu alinijengea.

Bon. Uhuru ulikuwa umeshaingia. Papa Radjabu, mushoni wa kwetu, alikuwa na redio, na Wabrazili walipochukua kombe la dunia, kesho yake kila mutoto wa mutaa wetu wa Simi-Simi alikuwa Mubrazili. Sheria ilikuwa moja: anayefika wa kwanza anachagua jina. Yule mukubwa, mwenye dunia yote inamujua, alichukuliwa mbele ya jua kupanda. Rafiki yangu, mutoto wa wavuvi wa maporomoko, alikuja nyuma ya wote, maana alimusaidia kwanza baba yake kutoa mitego majini. Alikuta kumebaki Tonico, muchezaji wa akiba, redio ilimutaja mara moja tu.

"Tonico iko nani? Hata mama yake hamujue," tukamucheka.

"Bon, mutamujua," akajibu.

Na tulimujua. Miguu mitupu, anateleza kama samaki, mpaka Papa Radjabu anaacha mashini yake kuja kutazama. Mama yangu akimupakulia pondu, majani ya muhogo, alisema, "Kula, Tonico, mifupa haichezi mupira." Baba yake tulimuita Papa Tonico. Tukatosheka na jina hilo.

Kisha uasi. Siku masasi yalipolia mujini, siye tulikimbilia pori la Masako, wao wavuvi wakaingia mitumbwini. Tuliporudi, nilishuka kwenye maporomoko kumuulizia. Wavuvi wakaniuliza: Tonico? Mutoto wa nani? Jina lake la nyumbani sikulijua, wala la baba yake.

"Mwanangu," muzee mumoja akaniambia, "hapa watoto wengi hawajarudi. Wewe unamulilia nani?"

Leo vijana wa Mangobo wananunua maillot, jezi zenye jina mugongoni, mwaka ukigeuka wanageuza na muchezaji. Wanakimbia kidogo, wanakaa chini, wanashika simu. Wavivu. Lakini kila mumoja ana namba ya mwenzake, na hilo nawaonea wivu. Wenzangu wa kiwanja wamekwisha wote, sina hata wa kubishana naye.

Juzi mujukuu wangu Furaha alinikuta peke yangu barazani, akamutafuta Tonico wa redio kwa simu. Akamupata: klabu ndogo, misimu michache, goti likamukatalia, akafia kwao muzee. Na picha, anacheka. Mutu ambaye hatukumutaka, simu inamujua.

"Na rafiki yako, koko?" akaniuliza mimi babu yake. "Niandike nani?"

Nikamuambia aandike Tonico. Akaandika. Akatoka tena yule Mubrazili.