Nyayo za Irungu

Nilipokuwa mtoto nilitamani pumu. Ndiyo, pumu! Mdogo wangu Koku alikuwa nayo, na kwa sababu hiyo Bibi alikuwa wake.

Kila kipupwe, ukungu ulipotanda huku kwetu Muleba na kifua cha Koku kuanza kubana, Bibi alimshika mkono asubuhi wakatoka migombani kwenda rweya, kwenye nyasi tupu nje ya vibanja, kutembea polepole. Kanisani tulikwenda kila Jumapili, lakini Bibi alisema rweya ni ya Irungu, mwenye pori, naye ndiye huwapa watoto pumzi. Huko husemi neno. Unatazama na kusikiliza tu, na ukisikia nyayo nyuma yako usigeuke, ni Irungu anakusindikiza.

Mimi mwenye afya nilibaki kufagia, maana Baba na Mama walikuwa shamba la ujamaa. Koku alirudi mashavu yanang'aa, akinisimulia utando wa buibui uliojaa umande.

"Na wewe umeona nini?" aliniuliza.

Nimeona nini? Ufagio! Nilimwonea wivu kweli.

"Bibi, mpaka na mimi nikohoe ndiyo unichukue?"

"Bojo, mjukuu wangu, wewe una kifua cha ng'ombe," alicheka. "Mwachie mwenzio."

Asubuhi moja nikatupa ufagio nikawafuata mbio, hata sweta nikasahau. Nilikusudia kuudaka mkono wa Bibi uliobaki mtupu. Lakini nilipowakaribia, kimya kile kilinishika. Nilisikia umande ukidondoka, ndege nisiyemwona akiita, na pumzi ya Koku, iliyopiga filimbi usiku kucha, ikipita taratibu. Niliogopa kuiharibu. Nikatembea nyuma yao, meno yakigongana kwa baridi, na moyo wangu ukatulia kwa namna nisiyoijua.

Nyumbani Koku alimrukia Mama. "Irungu ametusindikiza! Nimezisikia nyayo zake!"

"Ee waitu!" Mama alishangaa, karibu alie. Usiku ule Koku alilala bila filimbi.

Mimi nilivimba. Miguu yangu, sifa za Irungu! Ulimi uliniwasha, ila niliogopa kwamba nikisema, kifua chake kitabana tena. Nikanyamaza kwa hasira.

Kesho yake nililitafuta sweta sikuliona, nikawafuata hivyo hivyo. Njiani kulikuwa na jiwe ambapo Koku alikuwa akitangulia, na Bibi akibaki nyuma kidogo kumwekea Irungu kahawa ya kutafuna. Walipokwisha kupita nikasogea. Kahawa ilikuwepo. Kando yake, limekunjwa vizuri, sweta langu.

Nililivaa nikilia. Bibi alikuwa anaishia ukunguni, hakugeuka.

Siku hizi Koku ana wajukuu, nyumbani kwake Rwamishenye, na nikimtembelea huwasimulia nikiwa nimekaa pale pale. "Irungu mwenyewe, jamani!" Watoto humtumbulia macho, na wivu hunipanda upya, mbichi kabisa, mzee mzima mimi. Mdomo hufunguka niseme ni miguu ya nani. Kisha nakumbuka Bibi alivyolibeba sweta langu chini ya kanga yake, njia nzima, akijua nakuja.

Basi nanyamaza. Namwachia mwenzangu.