Sebule Isiyo na Ngazi

Mafundi waliomjengea nyumba walimwita Bi Sawa, wala si kwa ubaya. Kila alichoulizwa alijibu sawa. Madirisha yawe mapana? Sawa. Jiko lihamie nyuma? Sawa. Miaka yake yote ya kazi alipiga pasi mashuka ya hospitali, akastaafu bila kukwaruzana na mtu, na kila alipokaa mbele ya msanifu, binti wa rika la kitindamimba wake, ulimi ulimganda. Mistari ya ramani aliikodolea macho, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake bila kuambulia kitu.

Basi msanifu akamchorea sebule ya kupendeza, ya kushuka kwa ngazi tatu, kama wengi wanavyozipenda siku hizi.

Jambo moja Bi Sawa hakulisema, maana halikuwa lake peke yake. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikuwa anapoteza macho, na daktari alikwishawaambia hayatarudi. Mzee hakutaka ijulikane. Njiani alimshika mkewe mkono, majirani wakawatania kwamba uchumba umewarudia uzeeni, naye akacheka nao.

Asubuhi moja Bi Sawa alipeleka chai kwenye ujenzi, akakuta mbao za ngazi zimeshapigiliwa na zege linakorogwa. Akasimama hapo juu na birika mkononi. Akilini alimwona mumewe akitoka chumbani kufuata maji, mguu unatafuta sakafu, hauipati.

"Fundi, naomba msimwage kwanza."

Fundi mkuu alidhani amesikia vibaya. Akamweleza kwa upole kwamba zege halisubiri, na ngazi zimo kwenye ramani aliyoikubali mwenyewe.

"Najua niliikubali. Niliona haya kusema. Mume wangu anapoteza macho. Ngazi hizi zitamwangusha."

Fundi aliwaagiza wenzake zege lile likamwagwe kwenye njia ya uani, kisha akampigia simu msanifu.

Binti alifika kabla ya adhuhuri. Bi Sawa alishajiandaa kusemwa, lakini msanifu aliikunja ramani akaitia kwapani, akaketi naye juu ya matofali. "Mama," alisema, "nilikuuliza unataka nyumba ya namna gani, ndiyo maana hatukuelewana. Hebu nieleze siku ya mzee, tangu anapoamka."

Hapo maneno yakamtoka. Alisema mzee huamka kabla yake na hataki kuletewa maji kama mgonjwa. Hupapasa ukuta kwa mkono wa kushoto. Mlango ulioachwa nusu wazi humpasua paji la uso. Pale maneno yalipomwishia aliinuka akautembea mwendo wa mumewe, kiganja ukutani, fundi akimfuata na chaki. Na fundi alipotaja lenta, safari hii aliuliza lenta ni kitu gani, akaonyeshwa boriti ya zege juu ya dirisha. Wakakubaliana: sakafu iwe sawa nyumba nzima, na milango iwe ya kusukuma kando.

Kazi ikabaki kumwambia mzee mwenyewe kwamba siri imetoka. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Walicheka?"

"Hata. Fundi alifumba macho akajaribu kutembea, akajigonga kwenye jukwaa la kupandia mafundi."

Mzee ndiye aliyecheka.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kwenye ujenzi. Alitoka mlangoni hadi chumbani bila kushikwa, vidole vikipita juu ya plasta mbichi, mkewe nyuma yake akijizuia asinyooshe mkono. Alipokwisha kuzunguka akamwita fundi, akamwambia anataka benchi la kujengewa nje, upande wa barabara, ili asikie malori yakipanda mlima na ajue lipi limezidishiwa mzigo. Liwe la watu wawili.

Fundi akauliza urefu kutoka chini. Mzee alimtafuta mkewe, akamkuta ameketi kwenye rundo la matofali, akampapasa goti.

"Hapa," alisema. "Mpime huyu."