Koti la Chumba cha Mwisho

Mpaka leo nikisikia funguo nyingi zikigongana kiunoni mwa mtu, mkono wangu huanza kutafuta mtoto wa kumnyamazisha. Mtoto mwenyewe siku hizi ananizidi urefu.

Hofu hiyo niliipatia Makadara, nyuma kidogo ya Barabara ya Jogoo, katika jengo la ghorofa moja ambalo chuo kikuu kilikuwa kikilitumia kwa masomo ya jioni. Ilikuwa miaka ya tisini. Dada yangu na mimi tulikuwa wafagiaji pale. Yeye ndiye aliyeniombea kazi nilipoachia shule kidato cha pili, na siku nilipokubaliwa nilifurahi kama mtu aliyeitwa kusoma. Nilijiambia kwamba anayefagia darasa kila siku iko siku atakaa ndani yake. Nikimaliza kupiga deki nilikuwa nikisimama mbele ya ubao, ufagio mkononi, naviuliza viti kama vimeelewa somo. Dada akinikuta hivyo alikuwa akisema, "Mwalimu, choo cha wanaume kinakungoja."

Jengo lilikuwa dogo na walimu walikuwa wengi. Kila muhula ukianza waligombania vyumba mpaka tukaona haya sisi. Aliyeamua hakuwa mkuu wa kituo wala mwalimu yeyote wa pale. Ilikuwa Kamati ya Nafasi, iliyokaa mjini, kwenye chuo chenyewe, na ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Walimu wazima, wengine wamesoma ng'ambo, walishusha sauti Kamati ikitajwa. Sheria yake moja tuliijua hata sisi wa ndoo: chumba kisicho na mtu kinarudi kwa Kamati, nayo inampa inayemtaka.

Kwa hiyo pale palikuwa na desturi ya makoti. Mwalimu anayefundisha jioni mbili kwa wiki hawezi kukaa ofisini wiki nzima, basi alitundika koti kwenye mgongo wa kiti akaenda zake. Anayefungua mlango anaona koti, anajua yupo mtu, ametoka kidogo tu. Kamati nayo ilijua, lakini kumuuliza msomi koti lake linafanya nini peke yake kungekuwa kumtukana. Ndivyo walivyoheshimiana. Lilikuwepo koti moja la kijivu ambalo mwenyewe alishahamia nchi nyingine. Mimi nililipangusa vumbi, na chumba kikabaki chake.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho juu, kupita vyoo. Kilikuwa chembamba na kirefu, na huko nyuma madawati mabovu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari. Kwa sababu ya harufu hakuna mwalimu aliyekitaka, tukawa tunabadilishia nguo humo na kunywa chai.

Halafu dada akajifungua. Likizo yake ilipoisha, msichana aliyekuwa akae na mtoto alienda matangani kwao, Magharibi, hakurudi. Shemeji alikuwa kibarua kiwandani Baba Dogo, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Majirani zetu kule Lucky Summer wote walikuwa watu wa kutoka asubuhi. Dada akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akavaa sweta kubwa juu yake, akaja naye kazini. Msimamizi wetu alikuwa ameshasema wazi kwamba atakayeonekana na mtoto asirudi kesho yake, na hakuwa mtu wa maneno matupu. Kabla yetu mama mmoja alifukuzwa akiwa bado ameshika tambara, mtoto akilia kwenye ngazi. Kwa hiyo mtoto alikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa bila dada kupoteza kazi, na mahali penyewe palikuwa pale nyuma ya madawati, ndani ya katoni ya sabuni tuliyoitandika leso mbili.

Mzee wa funguo alituona. Alikuwa Mkamba, mtu wa kuchonga vijiko vya miti akiwa amekaa pale mlangoni, na maneno yake yalikuwa machache. Siku ya pili alipanda ngazi akiwa na koti la kahawia la mitumba, akaliweka kwenye kiti chetu, akanyoosha kola.

"Mzee, hili ni la nani?" nikamuuliza.

"Ni la mwalimu wenu."

"Mwalimu gani tena?"

"Mnene kidogo, ukiangalia mabega. Mpe heshima yake."

Dada alicheka mpaka akaketi chini. Lakini mzee hakuwa anacheka. Alitufundisha jambo moja zaidi. Kawaida yake alizishika funguo kwa ngumi zisipige kelele. Tukizisikia zinagongana, basi kuna wageni, na wageni hao si wema.

Hivyo tukaishi. Nasema tukaishi, lakini mimi nilikuwa nikisikia funguo hata nikiwa nyumbani naosha sufuria. Tuliachiana zamu, mmoja deki, mmoja mtoto. Nilimfundisha yote niliyokuwa nikiyasikia nje ya madarasa, kwa kunong'ona, mikopo na sheria za ardhi na nini, naye ananitazama kwa macho makubwa kama mtu mwenye swali. Akipiga kelele ya furaha tu, jasho lilinitoka. Mtoto wa watu hakujua kwamba kucheka kwake kunaweza kutufukuzisha.

Zikaja mvua, zile kubwa. Barabara za Eastlands ziligeuka mito, watu wakabeba viatu mikononi. Kamati ilikuwa ije mwanzo wa muhula, haikuonekana. Tukaanza kupumua. Nani wa mjini atakanyaga tope la Makadara kuja kutafuta chumba kinachonuka choo?

Asubuhi moja jua likatoka. Lilikuwa jua jeupe, la kuumiza macho. Mtoto alikuwa amecheulia koti siku iliyopita, na harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa imeshinda hata ya vyoo. Mimi napenda kitu kisafi. Nikachukua koti na kipande cha sabuni, nikalifua vizuri, nikalianika kwenye kamba nyuma ya jengo. Niliimba nikiwa nakamua mikono yake.

Dada alipoingia chumbani akasimama ghafla.

"Koti liko wapi?"

"Nimelifua. Lilikuwa linanuka."

"Umelifua?" Alisema polepole, kana kwamba neno lenyewe hajawahi kulisikia. "Wewe una wazimu? Chumba kiko uchi!"

"Dada, jua limetoka. Litakauka saa hii tu. Na hiyo Kamati, na matope haya, itapita wapi?"

"Jua limekutokea wewe peke yako?"

Akashika ndoo akashuka, amekasirika, zamu yake ya ngazi ilikuwa imefika. Nikabaki na mtoto. Sikuwa hata nimemaliza kununa nilipozisikia funguo. Mzee alikuwa ameziachia kabisa. Zililia chini, zikalia kwenye ngazi, zikaingia kwenye ujia wetu, na nyuma yake viatu vya watu kadhaa.

Nilikimbilia dirishani. Koti letu lilikuwa pale chini kwenye kamba, linadondoka maji. Hapakuwa na njia ya kulifikia ila kuwapita wao. Nikamnyanyua mtoto na katoni yake, nikajipenyeza nyuma ya madawati mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikachuchumaa.

Walikuwa wakifungua mlango mmoja mmoja. Sauti ya mwanamke, nzito, yenye mamlaka, ikauliza, "Na hapa?"

"Kuna mtu, Madam," mzee akajibu. "Koti lake lile."

Mlango ukafungwa. "Hapa?"

"Kuna mtu. Koti hilo hapo."

Nikawa nayasikia makoti yakiokoa vyumba, hata lile la kijivu la mtu aliyehama. Kila mlango uliofungwa uliwaleta karibu. Mtoto alikuwa macho. Nilimpa kidole akakinyonya. Nikamwomba Mungu maneno yasiyo na mpango. Nikamwahidi kwamba sitafua tena kitu.

Kitasa chetu kikazunguka.

"Na hiki?"

"Hiki, Madam, kina... kina mtu."

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Koti lake?"

Mzee akasema, "Ametoka nalo."

Mtu akacheka, mwanamume. Yule Madam hakucheka. "Mzee, tangu uanze kazi hapa, umewahi kuona mwalimu akitoka na koti?"

Mkuu wa kituo alikuwepo pia, sauti yake niliijua. Alidakia kwa haraka, kama mtu aliyengoja nafasi hiyo muda mrefu. "Madam, walimu wangu wa uhasibu wanasahihisha mitihani kwenye ngazi. Wapewe hiki."

"Hakina mwenyewe, wapewe. Madawati haya yatolewe leo leo. Kipimwe kwanza."

Yatolewe leo leo. Niliona jinsi itakavyokuwa: dawati la mwisho likinyanyuliwa, na mimi pale chini, mtoto wa watu kifuani. Nilimwona dada akishuka zile ngazi kama yule mama mwingine. Dawati lililoniegemea likaanza kulia kidogo kidogo. Nikalizuia kwa bega.

"Shika hapo, mzee," akasema yule aliyecheka. Nikasikia chuma kikikwaruza sakafu. Ilikuwa tepu ya kupimia, ile ya bati ya manjano inayojirudisha yenyewe. Alikuwa anakuja nayo kinyumenyume, ameinama, anapenya kwenye uwazi ule ule nilioupenya mimi. Nikaona visigino vyenye tope. Nikaona suruali iliyokunjwa. Akageuka.

Alikuwa kijana mwembamba, pengine hakunizidi umri sana. Tulitazamana. Nadhani nilitikisa kichwa tu. Alifungua mdomo, na wakati huo huo mtoto akaona tepu. Ilikuwa inang'aa kwenye mstari wa jua. Akaachia kidole changu, akanyoosha mkono, akaishika kwa ngumi.

"Vipi, imefika ukutani?" Madam akauliza.

Kijana aliutazama ukuta nyuma yangu. Nafasi niliyokuwa nimechuchumaa ilikuwa bado haijapimwa. Akatazama ngumi ya mtoto.

"Imefika, Madam," akasema. Akasoma namba iliyokuwa chini ya kidole gumba cha mtoto, kwa sauti ya kazi.

"Kumbe ni kidogo hivyo?"

"Madawati ndiyo yanadanganya macho."

"Basi hii si ofisi. Meza mbili zitaingia vipi? Nikiwapa walimu kitu kama hiki kesho watakuwa mlangoni kwangu kulalamika." Mkuu wa kituo akaanza kusema neno, akakatizwa. "Hapana. Kikiwa chini ya kipimo ni stoo, na stoo inakaa na mwenye funguo. Madawati yabaki. Twende."

Lakini tepu ilikuwa bado imeshikwa. Kijana aliivuta kidogo, na mtoto akakunja uso. Namjua akikunja uso hivyo, kilio kiko nyuma yake. Kijana akaacha kuvuta. Akachuchumaa, akaanza kuvifungua vile vidole kimoja baada ya kingine, polepole. Kidole cha mwisho kilipoachia, akazuia tepu kwa kiganja isiruke, akatoka nayo kinyumenyume. Hakunitazama tena.

Dada alikuwa ngazini muda wote ule, tambara mkononi. Alinisimulia baadaye kwamba walimpita pale akashindwa hata kusogea, maji yakamdondokea viatuni, naye masikio yake yako juu yakingoja kilio. Walipofika nje alipanda mbio, akamnyakua mtoto, akampa ziwa kabla hajaketi.

"Alilia?"

"Hajalia."

"Walimwona?"

Nilitaka kusema hapana. "Mmoja," nikasema. Dada akalia yeye badala ya mtoto.

Kwa hiyo hofu haikuisha, ilibadilisha sura tu. Sasa palikuwa na mtu mjini anayejua. Kila gari lililosimama mbele ya jengo lilikuwa lake. Mzee aliandika STOO mlangoni kwa rangi nyeupe, na koti lilipokauka tulimlaza mtoto juu yake, lakini mimi niliendelea kusikia chuma kikikwaruza sakafu.

Muhula uliofuata yule kijana alirudi kweli, peke yake, ametumwa kupima darasa la chini. Nilijificha nyuma ya mlango wa ujia kama mwizi. Aliomba chai kwa mzee, akanywa amesimama, kisha akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "Stoo yenu inaendeleaje?"

"Inakua," mzee akasema. "Imeota meno mawili."

Kijana akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake. Hapo ndipo nilipotoka nyuma ya mlango.

Mtoto alikaa kule juu mpaka alipoanza kusimama kwa kushika madawati, ndipo mama yake shemeji akaja kutoka nyumbani kumlea. Mimi niliendelea kufagia stoo. Nikifika nyuma, kutoka pale ngumi ilipoishika tepu mpaka ukutani, nilijua nafagia sakafu ambayo chuo hakikujua kinayo. Ilikuwa ndogo, ya kutosha katoni moja ya sabuni na mtu mmoja aliyechuchumaa.