Mikono Chuma

Kabla wenzake hawajambandika jina la Mikono Chuma, alikuwa mwokaji mikate kama waokaji wengine: miaka thelathini na moja mbele ya tanuri, nyusi zimebabuka, kifua kimejaa vumbi la unga. Trei ya moto aliishika kwa gunia lililokunjwa mara mbili, tena kwa adabu zote.

Asubuhi moja gunia likamponyoka wakati trei imeshatoka nusu, na mkono ukadaka chuma kitupu. Mkandaji wa unga, mwenzake wa siku nyingi, akapiga ukelele, "Utaungua, mzee!" Yeye akaibeba trei hadi mezani, akaitua taratibu, kisha akautazama mkono. Ngozi ilikuwa imebabuka. Maumivu hakuna, hata chembe.

"Wewe si mtu wa kawaida," mkandaji akasema, macho yamemtoka.

Maneno hayo yakamwingia. Mtu ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa kuwahi kazini tu, ukimwambia si wa kawaida, unategemea nini? Kichwa kikavimba. Kesho yake akarudia, safari hii makusudi. Wiki haijaisha, madereva wa magari ya mikate wakawa wanakawia kuondoka ili wamwone akivuta trei kwa mikono mitupu. Malengelenge aliyafunga kitambaa akasema ndiyo mhuri wa kazi. Siku aliyovua kiatu akakuta msumari umetoboa soli na soksi imelowa damu, alikenua meno yote: kumbe nguvu zimeshuka mpaka miguuni!

Mkewe hakucheka. "Mume wangu, unakunywa maji ndoo nzima na kiu haiishi. Suruali zinakuvuka. Nenda hospitali."

"Kaa wewe mbele ya moto, tuone kama hutakunywa maji."

"Sikujua kwamba wenye nguvu za ajabu huenda chooni mara kumi kwa siku," mke akajibu, akaendelea kufua.

Binti yao, msusi, alikuwa akiwaachia mtoto wake wa miaka miwili na nusu kila Jumamosi. Na kila Jumamosi alitoa agizo lile lile kabla ya kuondoka: "Baba, maji ya kuoga apime mama." Lilimkera sana. Yeye, Mikono Chuma, ashindwe kupima maji?

Jumamosi moja bibi alikuwa ameenda kumjulia hali jirani, na mjukuu akajipaka matope kutoka utosini hadi nyayoni. Babu akabandika maji jikoni. Akayamimina kwenye beseni, akaongeza ya baridi kidogo, akazamisha mkono hadi kifundoni. Uvuguvugu tu.

"Moto, babu," mtoto akasema mara vidole vya miguu vilipogusa maji.

"Si moto. Acha kudeka. Mkono wa babu haukosei."

Akamshusha. Mtoto akapiga yowe, akajipinda, akamng'ang'ania shingo. Na yeye, badala ya kumtoa, akamkandamiza. Haukuwa muda mrefu. Ni muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ndipo akaona miguu imeiva.

Hospitali mtoto akafungwa bandeji miguu yote miwili. Daktari akaiona mikono ya babu, akamkalisha, akamwambia afumbe macho. "Nikikuchoma na sindano, sema."

Akasubiri. Akasubiri mpaka akachoka. "Anza basi, daktari."

"Nimeshakuchoma mara saba, mzee."

Akafumbua macho, akaviona vitone saba vya damu kwenye vidole vyake. Ni kisukari, daktari akaeleza, kimeiua mishipa ya fahamu kidogo kidogo bila kutibiwa. Mkewe alikuwa pale, binti yake alikuwa pale. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakuna aliyemlaumu, na hapo ndipo aibu ilipomzidi. "Ni ugonjwa, baba. Usingeweza kujua," binti akasema huku akimfuta machozi. Majirani wakaja na pole, wakasema hivyo hivyo, naye akawa anaitikia ahsante, ahsante, uso ameuinamisha. Mkono ulikuwa mgonjwa, sawa. Masikio je? Masikio yalikuwa mazima.

Siku ya nne akashindwa kulibeba jambo hilo peke yake. Akamkuta binti yake anakunja nguo za mtoto.

"Mwanangu, aliniambia. Alisema moto. Nilimsikia, nikamshikilia majini."

Mikono ya binti ikasimama. "Ulimshikilia?"

"Niliuamini mkono."

Binti hakupaza sauti. Alimbeba mwanawe, akachukua nguo, akaondoka. Jumamosi tano zikapita bila mtoto kuletwa. Kazini walimhamishia kufunga mikate iliyokwisha kupoa, lakini jina halikumtoka, na kila akiitwa Mikono Chuma uso unamshuka.

Jumamosi ya sita alikuwa mezani, chai mbele yake, mlango ukafunguliwa. Mtoto akaingia mbio, makovu yanaonekana juu ya viatu. Mama yake akabaki kizingitini. Babu hakuthubutu kumgusa mtoto. Kwa kukosa pa kuiweka mikono, akakishika kikombe.

Mtoto akakigusa kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole haraka. "Moto, babu."

Babu akakitua kikombe mezani. "Ikipoa utaniambia," akasema.

Wakakaa wawili, wanakitazama kikombe. Pale mlangoni, binti akainama akavua viatu.