Beseni la Nkambo na Treni ya Mchana

Nilipokuwa mtoto kule Kalemie, hakuna nilichokitamani kuliko dirisha la kioo. Na Papa, fundi wa reli, alikuwa anatujengea nyumba yenye madirisha manne! Matofali ya kuchoma, bati jipya, sakafu ya sementi, bondeni karibu na ziwa, mahali palipokuwa kinamasi kabla ya watu kukifukia kwa udongo.

Aliyeniharibia furaha ni bibi yangu, mama yake Papa, ambaye sote tulimwita Nkambo. Tuliishi naye katika nyumba ya udongo mlimani, juu ya mwamba uliokataa hata jembe. Alisema kinamasi hakifi kwa kufukiwa. Mwenye maji, roho ya pale, bado amelala chini, na treni ikipita anageuka. Kipimo chake kilikuwa kimoja: beseni lililojaa maji liwekwe sakafuni, treni ipite, mtoto aangalie. Maji yakitikisika, hapo halali mtu.

Papa alicheka, lakini hakumkatalia mama yake. Basi mchana mmoja nikaliinamia beseni sakafuni mwa nyumba mpya. Nkambo, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alisimama mlangoni. Treni ikapita. Mungu wangu! Maji yalijaa viduara vya mawimbi, tone moja likanirukia puani.

"Maji inatikisika ao hapana?" akauliza.

"Hapana, Nkambo. Imetulia kabisa."

Aligeuka kuondoka. "Kama njo vile, tuhame."

Na tukahama! Wiki nzima nilifuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi.

Mwezi haujaisha, mchana kweupe, ardhi ikanguruma. Mimi na Nkambo tulikuwa uani tukianika ndagala, dagaa wa ziwani. Nikamwona Mama akitoka mbio na mdogo wangu mgongoni, na nyuma yake ukuta ukiinama, ukirudi, ukiinama tena, mpaka ukaanguka. Uliangukia kitanda cha Nkambo. Vioo vyangu vyote vinne vilipasuka. Nilipiga kelele hadi sauti ikaniishia.

Jioni tulipanda mlimani. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa imesimama! Kilichoanguka ni kifuniko cha sufuria tu. Jirani alituambia kwake ilikuwa kama lori limepita. Tetemeko lile lile, na kutoka kule bondeni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu!

Nikashindwa kuvumilia. "Nkambo," nikasema huku nalia, "maji ilitikisika. Nilikudanganya."

"Nilijua. Nilisikia beseni inagonga sementi."

"Sasa sababu gani ulikubali?"

"Papa yako angehama tu, na beseni ao bila beseni. Watoto yangu wote munashuka kulala kule, mimi nibakie huku juu ya jiwe na nani?"

Leo najua kwamba udongo laini uliofukiwa na kushiba maji huukuza mtikisiko, wakati mwamba huupitisha bila makuu. Nimeisoma elimu hiyo, naipenda, na nikiwaeleza watu wanaotafuta viwanja hapa mjini naanza kurusha mikono. Kumbe mama mzee aliyekuwa haoni vizuri alikuwa anaipima kwa beseni!

Mikono hunitulia nikikumbuka kitanda chake. Karibu mwezi mzima alilala pale akijua kwamba ardhi ile inatikisika, kwa sababu chumba cha pili tulilala sisi wajukuu wake.